Siku Kumi na Nne za Gari Jeupe

Gari langu liligongwa siku ya Jumatano, saa moja kasoro asubuhi, likiwa limesimama. Nasema limesimama kwa sababu kila ofisi niliyoingia baadaye walianza na swali hilo. Taa ilikuwa nyekundu, mguu wangu ulikuwa kwenye breki, na gari la mikate likaja kwa nyuma likanisukuma mpaka katikati ya njia panda. Dereva wake alishuka na kandambili, mikono kichwani.

"Mzee wangu, kosa langu. Kosa langu kabisa."

Mikate ilikuwa imetapakaa barabarani. Hata askari hakupata shida. Alipima, akapiga picha, akaokota mkate ambao karatasi yake haikuchanika, akaenda zake.

Mke wangu hakuwemo. Nilikuwa nimetoka kumshusha hospitali. Figo zake zilikuwa zimegoma, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi asafishwe damu kwa mashine. Nilikuwa namfikisha saa kumi na mbili asubuhi, narudi kumchukua saa tano. Basi nilipoona nyuma ya gari langu imekunjwa kama kopo, sikufikiria gari. Nilifikiria Ijumaa. Miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba ngazi ya basi kwake ilikuwa mlima.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, ngazi za chuma. Mambo ya barua sijui hata yanaanzia wapi. Binti yangu ndiye aliyesoma, ni karani ofisi ya maji. Aliandika kwa bima ya lile gari la mikate, na bima wakajibu kwamba watalipia gari la kukodi kwa ajili ya kumpeleka mgonjwa hospitali, mpaka gari langu litakapotoka gereji au mpaka mgonjwa atakapokuwa halihitaji tena. Binti yangu alinisomea sentensi hiyo mara mbili.

"Halihitaji tena maana yake akipona," nikasema.

Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

Kampuni ya magari ilitaka mdhamini mwenye hati ya mshahara. Karatasi yangu mimi ni daftari lenye vipimo vya mageti. Binti akaweka saini yake. Bima wasipolipa, watakata kwenye mshahara wake.

Likaja gari jeupe, dogo, safi, linanukia duka. Mke wangu alipanda Ijumaa ile akapapasa chini ya kiti, akavuta kichuma, kiti kikarudi nyuma taratibu mpaka mwisho. Akanyoosha miguu yote miwili. Akaiangalia.

"Kumbe nina miguu," akasema.

Ilibidi nicheke. Kwenye gari letu kiti chake kilikuwa kinacheza kwenye reli, na miaka saba nyuma nilikichomelea kisitoke. Nilikichomelea mbele sana. Tangu hapo alikuwa anakaa magoti yakigusa dashibodi, na kila nikipiga breki ananiambia, "Fundi Moshi, mageti ya watu unayatengeneza yafunguke. Kiti cha mkeo umekifunga kama mlango wa jela." Mimi namjibu kesho nitakikata. Fundi Moshi ni jina alilonipa yeye. Alisema hata nikioga nanuka moshi.

Wiki tatu zile alipelekwa kama waziri. Maneno yake hayo. Lakini mkono wa sindano ulikuwa umejaa manundu, na kila akitoka kwenye mashine alikuwa mdogo kuliko alivyoingia. Ijumaa ya mwisho, tukiwa tumesimama kwenye taa ile ile, alisema bila kunitazama, "Nimechoka na ile mashine. Usinirudishe tena."

"Jumatatu tutaona," nikamwambia.

Alikufa kesho yake, Jumamosi, mchana, amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Mimi nilikuwa uani nachomelea, barakoa usoni, na niliposimama kupumzisha macho nikaona kikombe chake kimeanguka na hajakiokota. Siku zote alikuwa mwepesi wa kuokota vitu.

Tukamzika Jumapili.

Jumatatu nikaamka saa kumi na moja. Nikavaa, nikawasha gari jeupe, nikaenda hospitali. Sitaki kudanganya kwamba nilisahau. Sikusahau hata kidogo. Nilijua kabisa kiti cha pembeni ni kitupu. Nikaegesha chini ya tangi la maji, sehemu yetu, nikakaa mpaka saa tano. Kisha nikarudi nyumbani. Jumatano nikafanya hivyo hivyo. Binti yangu akipiga simu nilimwambia niko saiti, kuna uzio wa shule tunajenga. Kile kiti sikukisogeza. Hata niliponunua vyuma niliviweka nyuma, virefu vikapita juu ya bega langu mimi.

Ijumaa ya wiki ya pili, mlinzi wa geti alikuja akaegemea dirisha. Mtu wa watu yule, alikuwa akimwita mke wangu bosi.

"Bosi leo anatoka saa ngapi?"

"Saa tano," nikasema. "Kama kawaida."

Akaenda. Mimi nikabaki nimeshika usukani kama mwizi. Kesho yake asubuhi nikarudisha gari. Dada mmoja wa kampuni ya magari alilizunguka, akakagua rangi, akaniambia limetunzwa vizuri. Langu likatoka gereji wiki hiyo hiyo.

Baada ya siku chache bima wakatuita. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Kijana aliyetupokea ndiye mkaguzi wao wa madai, mpole, shati lake kubwa shingoni kama la kuazima. Alitupa pole ya msiba kwanza, na alitupa vizuri, sina neno naye. Kisha akafungua faili.

"Mzee, sitawachosha. Kampuni ya magari inadai siku thelathini na nane. Wakubwa wangu wanasema ni nyingi. Gari tulilikubali kwa ajili ya mgonjwa, kwa hiyo wanataka kujua mgonjwa alifariki lini tufunge hesabu. Cheti cha kifo sikioni humu."

"Sijakichukua."

"Si neno, kitafuata. Ninayo hii." Akageuza karatasi ituelekee. "Yale magari yana kifaa ndani, kinaonyesha lilikokwenda na saa. Nimeipitia mwenyewe. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, hospitali. Kuingia saa kumi na mbili, kutoka saa tano na dakika. Halijakosa hata siku moja mpaka Ijumaa ya mwisho, na Jumamosi ukalirudisha." Akainua macho. "Kwa hiyo mama alitutoka kati ya Ijumaa hiyo na Jumamosi. Nikiandika hivyo nitakuwa nimekosea?"

Binti yangu alikuwa ameshaisoma karatasi kabla yangu. Niliona kidole chake kimesimama kwenye mistari sita ya mwisho. Mkono wake mwingine ukaja chini ya meza ukanibana goti, kwa nguvu. Nikamwelewa. Nitikise kichwa tu. Siku zote zitalipwa, mshahara wake utapona, na wala sijasema uongo kwa mdomo. Kijana mwenyewe ndiye aliyeisema tarehe.

Tena niseme ukweli, haikuwa mshahara peke yake. Pale kwenye karatasi mke wangu alikuwa hai wiki mbili zaidi. Imeandikwa na mashine, saa na dakika. Nilitaka kuliona jambo hilo linapigwa muhuri.

Nikaiangalia ile mistari. Jumatatu, kuingia saa kumi na mbili. Nikaona wanamfunga mkono, wanatafuta mahali pa sindano kati ya manundu. Jumatano tena. Ijumaa tena. Mara sita.

"Utakuwa umekosea," nikasema. "Alikufa Jumamosi ya kabla. Wiki mbili kabla. Mchana."

Mkono ukaondoka gotini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo. Kwa watu nilikuwa nasema ametangulia, ametutoka, amepumzika. Na wale niliowapigia simu siku ile, niliwaambia njooni tu.

Kijana akarudi kwenye karatasi, akahesabu kwa kalamu.

"Sasa hizi safari sita ulikuwa unampeleka nani?"

"Simpeleki mtu."

"Mzee, gari haliendi hospitali mara sita bila mtu. Wapo wanaokodi haya magari wakayageuza teksi. Sisemi wewe. Lakini wakubwa watasema."

"Teksi gani inakaa chini ya tangi kutoka saa kumi na mbili mpaka saa tano?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaa."

"Unasubiri mtu?"

"Nakaa tu, bwana. Saa tano ikifika naondoka."

Kalamu ikasimama. Akamtazama binti yangu, binti yangu akatazama dirisha. Kijana akakohoa kidogo. "Kuna sehemu hapa ya sababu ya kuchelewesha gari. Niandike nini?"

"Andika hivyo hivyo."

"Hawatalipa. Watalipa mpaka hiyo Jumamosi ya kwanza. Siku kumi na nne zitabaki kwenu."

"Najua."

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyompa, na alipomaliza alitusindikiza mpaka kwenye ngazi.

Ghorofa ya pili binti yangu akasimama.

"Kichwa tu, baba. Kutikisa kichwa tu! Nani angekuja kuuliza? Ule ni mshahara wangu wanaokwenda kukata, si wako."

"Nitalipa mimi. Kabla hawajaugusa."

"Kwa kipi? Mageti yenyewe watu wanakukopa." Sauti ikampotea, akaitafuta, akaipata. "Na mimi uliniambia uko saiti. Nikafurahi. Nikawaambia watu kazini, baba yangu ameanza kazi, anajikaza."

"Nilikudanganya."

"Mara sita."

"Mara sita."

Akakaa kwenye ngazi, na sketi yake ya kazini, pale penye vumbi. Mimi nikakaa ngazi ya juu yake. Watu wakapita, wakatuchungulia, wakaenda na bahasha zao.

"Mama yako aliniambia nisimrudishe kwenye ile mashine," nikasema. "Aliniambia Ijumaa, kwenye taa. Mimi nikasema Jumatatu tutaona. Sasa yule kijana pale juu ameshika kalamu anataka kumrudisha mara sita. Ningetikisaje kichwa?"

Akapangusa vumbi kwenye sketi. Halafu akasema, polepole, "Mimi sikuwahi kumpeleka hata siku moja. Kila siku nasema nitaomba ruhusa kazini."

"Alijua una kazi."

"Usiniambie alijua, baba."

Akalia, mgongo umenielekea, na mimi nikauangalia ule mgongo. Ni wa mama yake, mwembamba, mabega juu. Nilitaka kuweka mkono pale. Mkono wangu una makovu ya cheche na ulikuwa mzito kama nyundo. Niliuweka mwishowe.

Kampuni ya magari ilikubali nilipe kwa awamu nne. Nimeuza ile mashine ndogo ya kuchomelea, nimebaki na kubwa. Mwisho wa mwezi nilikwenda na awamu ya kwanza, yule dada akanipa risiti, na nikitoka nikaliona gari jeupe uani, limeoshwa, linakauka.

Sikutaka kulisogelea. Nikalisogelea. Nikaweka kiganja kwenye kioo kuzuia jua nikachungulia ndani. Kiti cha pembeni kilikuwa kimevutwa mbele, na mgongo wake umesimamishwa wima. Mtu amekaa pale, amejipima mwenyewe, ameshuka. Kwenye kioo cha nyuma mtoto wa watu amebandika picha ya samaki.

"Mzee, unalitaka tena?" mwosha magari akaniuliza.

"Hapana."

Nikaenda nyumbani. Nikaegesha gari langu uani, nikafungua mlango wa pembeni, nikatoa zulia. Ule mchomeleo wangu wa miaka saba ulikuwa pale pale, mbaya, wenye uvimbe, kazi ya mtu mwenye haraka. Nikavaa barakoa, nikachukua grinda, nikakata upande wa kulia, nikakata wa kushoto. Nikapaka grisi kwenye reli. Nikavuta kiti kikarudi nyuma mpaka mwisho, bila kukwama.

Haikufika dakika tano.