Vifungo vya Bwana Takwimu

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa tatu asubuhi, karani wa takwimu wa hospitali alikuwa akijumlisha uzazi wa wiki iliyopita pale kifungo cha shati lake, kile kinachokaa juu ya kitovu, kilipochomoka, kikagonga birika la chai na kubingirika chini ya kabati. Hakuinua kichwa. Alifungua droo, akatoa pini, akabana shati, akaendelea na safu ya mapacha.

Punde mkunga mkuu alichungulia mlangoni, glavu mikononi.

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

"Basi ndiye huyo. Wa kike, utumbo wote nje, pembeni ya kitovu. Nimeufunika kwa mfuko wa mkate, maana mifuko yenyewe hatuna. Gari la rufaa linatiwa mafuta."

Mambo hayo yalianza Januari. Kila alipozaliwa hapo mtoto mwenye tundu tumboni, kifungo cha Bwana Takwimu, kama wote walivyomwita, kiliruka. Utumbo ukitoka wazi, kiliruka kama jiwe la manati. Ukitoka umefunikwa na utando, mfano wa puto, kifungo kilining'inia kwa uzi mmoja hadi jioni ndipo kikadondoka. Mke wake alidhani ni kitambi, akampunguzia chakula. Mume alikonda mpaka suruali ikamvuka, na vifungo havikukoma. Mke akashonea kwa uzi wa viatu. Kifungo kikaondoka na kipande cha shati. Hapo alinyoosha mikono, akaanza kuvikusanya kwenye kopo, kila kimoja na karatasi yenye tarehe, kwa kuwa kwa mpangilio alimshinda mumewe.

Cha siku hiyo kilikuwa cha nane. Fomu ya makao makuu, hata hivyo, haikuwa na safu ya watoto hao. Ilikuwa na safu ya mapacha, ya waliozaliwa na meno na ya waliozaliwa garini. Waliosalia waliingizwa kwenye "Mengineyo", pamoja na taa zilizoungua. Ndiyo maana kila mara mkunga mkuu alipoomba mifuko maalumu ya kuhifadhia utumbo, alijibiwa kwamba tatizo hilo halijaripotiwa popote.

Adhuhuri aliingia bibi wa yule mtoto, fundi wa kufuli, bado na aproni yake ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti mwanangu, mjukuu wangu ni wa ngapi?"

"Kwa vifungo ni wa nane. Kwa fomu, hayupo."

"Hayupo vipi, na mimi nimemsikia akilia tangu getini?"

"Yumo kwenye Mengineyo, mama."

Bibi aliiangalia fomu kama anavyoangalia kitasa kibovu.

"Una rula?"

Rula ilikuwepo. Bibi akachora safu mpya, imenyooka kabisa, akamsukumia kalamu. Bwana Takwimu alisita. Karani aliyemtangulia aliwahi kuongeza safu ya watoto waliokufa kwa kukosa oksijeni, akahamishiwa mizani ya malori. Lakini bibi hakuwa na haraka ya kwenda popote. Bwana Takwimu akaandika: Utumbo nje, 8. Kisha akagawanya kwa nane watoto elfu nane na mia nane waliozaliwa mwaka huo. Mmoja katika kila elfu moja na mia moja. Hesabu yenyewe haikumchukua dakika. Aliona haya.

Mkaguzi kutoka makao makuu alifika Alhamisi iliyofuata, na fomu mkononi.

"Nani amekuruhusu safu hii?"

Kabla hajajibiwa, kifungo kiliruka, kikapasua kioo cha kushoto cha miwani yake. Ng'ambo ya ukuta mtoto alilia. "Wa tisa!" mkunga akapaza sauti.

Mkaguzi alivua miwani, akaitazama kwa jicho moja, kisha la pili.

"Huwa vinaruka mara nyingi?"

"Mara tisa tangu Januari, mheshimiwa."

"Tisa ni vingi," mkaguzi alikubali. "Hili si la kufumbia macho." Akaandika kurasa mbili. Bwana Takwimu alitamani kumkumbatia, ila pini aliyobania shati ilikuwa bado wazi.

Wa nane alisafiri kwa saa sita, akapasuliwa, utumbo ukarudishwa ndani. Bibi yake alipeleka habari hizo ofisini mwenyewe, akicheka. Wa tisa alifia njiani.

Makao makuu, ambayo hayakuwahi kujibu barua chini ya miezi minne, yalijibu kwa siku kumi. Yalisema yameshtushwa na kiwango cha vifungo. Safu ya bibi ilifutwa. Badala yake fomu mpya ilikuwa na safu iliyopigwa chapa vizuri, "Vifungo vilivyoruka", na gari lilishusha maboksi matatu ya fulana zisizo na kifungo hata kimoja, sitini, za watumishi wote.

Bwana Takwimu alivaa yake, ikamkaa vizuri. Akajaza safu mpya: sifuri.

Mkunga mkuu hakujaribu saizi. Alipiga magoti kando ya maboksi, akawa anachomoa fulana moja moja na kuzitupa kitini. Kila moja ilikuja ndani ya mfuko wake wa nailoni, mpana, mwangavu, haujaguswa. Alihesabu mifuko mara mbili, akaipanga kwenye beseni.

"Hii itatutosha miaka mitano," alisema, akaenda kuitakasa kwa dawa.