Rangi Nyekundu Mgongoni

Mjusi alikuwa juu ya mtungi wangu wa maji, mdogo kama kidole cha mtoto, na mgongoni amepakwa rangi nyekundu. Nikapiga yowe.

Msinicheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyumba yangu ya kwanza ilipigwa X nyekundu kupisha barabara, greda likaja, nikalala na wanangu chini ya turubai. Tangu hapo rangi hiyo siiamini hata kwenye khanga.

Sasa, siku mbili nyuma, hapa Mbalibali alikuja Rubeni, mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mpole. "Shikamoo mama. Naomba kuangalia mijusi kwenye mwamba wako." Alisema mijusi hao wanajulikana kwenye visiwa viwili tu vya mbali ziwani, kuwakuta huku bara ni ajabu. Nikamruhusu, mjinga mimi. Mwamba wenyewe uko katikati ya shamba, na ubavuni mwake amelala Mniko, mume wangu.

Nikakimbilia mwambani. Mwekundu mwingine. Na mwingine! Sisi tunaopakana na hifadhi tunajua: mnyama akishaandikwa, shamba litafuata kuchukuliwa. Niliogopa mpaka nikaona vigingi ambavyo havipo, na greda juu ya kaburi la Mniko.

"Gati, chemsha maji!" nilimwita mkamwana wangu.

"Mama, hao wadudu wamekukosea nini?"

"Chemsha!"

Nilimwaga sufuria nne kwenye nyufa zote. Kwa haraka nikajiunguza mguu.

Jumatatu Rubeni alirudi na daftari lake. Aliuzunguka mwamba tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kisha akaja kuketi chini, hata kiti hakungoja.

"Mama, mijusi wangu saba wako wapi?"

"Si uliwapiga alama ya kubomoa?"

"Kubomoa?" Alitoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha. "Hii ni ili nisimhesabu mmoja mara mbili."

Nilimwonyesha sufuria.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifungua daftari akaandika taratibu, na woga ukanirudia upya.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Naandika kwamba hapa hakuna wanaoishi."

Maneno yale yale. Ndiyo yaliyosomwa kwenye karatasi siku ya greda, mimi na wanangu tukiwa tumesimama mlangoni.