Kilichokaa Ndani ya Jicho la Kebo

Mkono wa gia ulimlegea Elvire katikati ya mtaa wa Buyenzi, ukayumba kama jino bovu. Akausukuma mbele, akauvuta nyuma. Gari likanguruma papo hapo tu. Wapita njia wakalisukuma hadi kwa Moubarak, fundi aliyewahi kulitengeneza mwaka jana, wakati petroli na vipuri vilipoadimika mjini.

"Mama Danielle! Umevaa vitenge vya harusi kuja gereji?"

"Harusi gani? Nikifika mi, haitakuwepo. Fanya mbio, wazee wananingoja Mutanga Sud."

Wazee wa ukoo walikuwa wakingoja neno lake. Destin, ndugu wa mumewe Régis, alitaka kumuoa Odette, msichana aliyemsaidia Elvire kazi za nyumbani hadi siku pete ya ndoa ya Elvire ilipopotea. Elvire alimfukuza mbele ya majirani, nguo zake zikiwa zimemwagwa uani. Leo alikuwa akienda na sentensi moja, ameinoa tangu alfajiri: mwizi haingii katika ukoo wetu.

Moubarak alibandua kifuniko cha chini ya mkono wa gia, akaingiza koleo. "Kebo zenyewe zinapumua bado. Kilichokwisha ni hiki kinachokaa ndani ya jicho la kebo, hili tundu la mwishoni. Cha plastiki kilikufa, nikakutilia cha chuma. Unakumbuka?"

"Mi na vyuma wapi na wapi?"

"We mwenyewe uliniambia! Nilikosa piesi Buyenzi nzima, ukasema, tafuta mu kisahani cha majivu, bwana wangu anatupia mule vyuma vyake. Nikapata kaduara kamoja, keusi, kananuka ndagala."

Alikifuta kwa tambara, akamtilia kiganjani. Kilikuwa kimekatwa na kukunjwa kibane pini ya mkono wa gia. Upande wa nje, uliosuguana na kebo, ulikuwa umelika ukabaki mwembamba kama ukucha. Lakini upande wa ndani uling'aa manjano, na juu ya manjano yale palikuwa na herufi mbili: E na R.

Elvire na Régis.

Ndagala. Siku pete ilipopotea alikuwa ufukweni; aliivua ili achambue dagaa hao, akaitupia kwenye kisahani cha majivu garini kwa vidole vyenye magamba. Njiani kurudi, gia zikagoma.

"Herufi hizi hukuziona?" Elvire alimwinulia kiganja.

"Niliziona. Si nilijua ni za kiwanda?"

"Muba, hii ni dhahabu."

Fundi aliketi chini, palepale kwenye oili. "Wallahi! Nimefunga ndoa ya mutu mu vitesi, mu gia za gari?"

Elvire hakucheka. Masikioni alimsikia Odette wa siku ile, amepiga magoti uani: tafuta tena, mama, tafuta kila mahali. Na yeye, pete ilikuwa chini ya kiganja chake muda wote ule. Kila alipobadilisha gia aliigusa. Hata siku aliyomkuta Odette barabarani, akaongeza mwendo ili asimsalimie, ni pete hiyohiyo iliyomvutia gia.

Moubarak alikata kipande cha mpira mgumu, akakichonga, akakipachika. "Nikunyooshee hiyo pete?"

"Iache."

Simu ikalia. Régis. "Uko wapi? Odette amefika. Amekaa chini kwenye mkeka, hataki hata maji. Tunakungoja wewe."

"Mpe kiti changu."

"Nini?"

"Kiti changu, Régis. Huo mkeka ni wangu, hapo nitakaa mi."

Alijaribu kuivaa pete. Ikakwama kwenye ncha ya kidole kidogo. Akaiacha hapo. Gia ya kwanza iliingia kimya kabisa, na makali ya dhahabu iliyokatwa yakamchoma. Ya pili, yakamchoma tena. Akaenda hivyo hadi Mutanga.