Kilio cha Husseni

Kama kuna mtu mwenye haki ya kumpiga Husseni mwiko wa ugali kichwani, basi ni Mastura, mama yake mdogo, aliyemlea tangu dada yake alipofariki. Na alimpiga kweli, si mara moja. Husseni alikuwa na miaka kumi na tisa na alikunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo, tangu jua linachomoza mpaka aanguke. Mastura aliona wazi kwamba mtoto anakufa huku anamtazama, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Hakuzaliwa mlevi. Vita vilipopamba moto, askari wa posto, kituo cha serikali ya Wareno, waliwakusanya watu wa ghuba ya Tungue, wakachoma vijiji vyao na kuwatia wote ndani ya uzio mmoja wa miti na seng'enge, wasije wakawalisha wapiganaji wa msituni. Kila askari walipotoka doria walichukua vijana wawili wa kubeba mizigo. Mizigo gani? Kisingizio tu. Vijana walitangulizwa mbele, ili kama njia imefukiwa bomu walikanyage wao. Husseni alikwenda mara moja pamoja na Shaweji, rafiki yake waliyetahiriwa naye jando moja. Akarudi peke yake, shati limeganda damu isiyo yake. Akaanza kunywa wiki ileile.

Unadhani kuna aliyemuuliza ameona nini? Thubutu. Walimtenga. Msikitini safu ilimkwepa, kisimani aliwekewa kifuu chake peke yake cha kunywea maji, na watoto walimzomea akipita. Aliyemsemesha vizuri Mastura alikuwa Faquir, regulo wa kijiji, aliyewekwa na posto awahesabu watu na kuwapanga vijana langoni.

"Mwanao simtoi, mama," alimwambia. "Yatima yule namhurumia."

Mastura akashukuru mpaka machozi. Siku walizoruhusiwa wanawake kutoka kwenda pwani maji yakipwa, kila pweza mkubwa aliyemchokoa alimpelekea Faquir. Mambo ya langoni hakuyajua. Asubuhi ya doria walipanga mstari wanaume peke yao, wanawake wakifungiwa ndani, na wanaume wakirudi hawasimulii. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza.

Shauri la kumponya lilitoka kwa Mariamo. Ukoo wa Mariamo na ukoo wa Mastura walikuwa watani tangu mababu, na nyote mnajua kazi ya mtani msibani: kumwigiza marehemu, tabia zake na aibu zake, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao.

"Huyu wako akifa nitamwigiza kaburini naye hatasikia," Mariamo alisema. "Faida yake nini? Tumlilie sasa hivi, angali ana masikio."

Mwalimu wa msikiti alikataa kutia mguu, na hakuna aliyethubutu kusoma dua. Lakini watu walikuja tele, kijiji cha uzio hakina burudani. Wakafunga shina la mgomba kwa shuka kuukuu, wakalilaza uani kwa Mastura, wanawake wakapiga yowe. Husseni akaamka na kichwa kizito, akatoka mlangoni, akakuta msiba wake.

Mariamo alikuwa amevaa shati lake. Akapepesuka. Akaangukia kwenye majivu, akajikojolea kwa maji ya kibuyu. Akamwendea Mastura akaigiza jinsi Husseni anavyomnyang'anya kanga ya sikukuu akaibadilishe na nipa, na jinsi alivyompiga kofi aliposhikilia. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Faquir alicheka kuliko wote, akala wali na pweza wa matanga sahani mbili. Mastura peke yake hakuweza kucheka. Kile kilio cha mchezo kilimgeukia cha kweli, akalia kwa kwikwi, ameshika shina la mgomba kama vile lina uhai. Husseni alimtazama. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Hakunywa tena. Siku tano alitetemeka na kutapika, akawaona wadudu ukutani, akampigia kelele Shaweji atoke njiani. Mastura alimshika mikono, akamlisha uji wa mtama kijiko kwa kijiko, akivivunja vibuyu vyote vya nipa alivyovikuta. Mwezi ulipotimia Husseni alikuwa anashona nyavu za watu. Kisimani kifuu kikaondolewa, akapewa kata ya wote. Mastura alitembea kijijini shingo juu, na nani amlaumu?

Asubuhi moja ya doria Husseni aliondoka kwenda langoni akasahau kofia yake. Mastura akaichukua akamfuata, sipai, mgambo wa posto aliyekuwa zamu, akiwa amezubaa. Ndipo alipoona kwa macho yake.

Koplo alikuwa anapita mstarini, kijana mmoja mmoja.

"Sopra," anasema, na kijana anampulizia pumzi usoni. Mmoja alinuka pombe. Koplo akamchapa kiboko kimoja, akamsukuma pembeni: mlevi anapiga kelele porini, anaanguka, hafai. Akafika kwa Husseni. Husseni akapuliza. Koplo akatabasamu, akampigapiga begani, akamtoa mbele.

Mastura akamvamia Faquir. "Regulo, si ulisema humtoi? Si ulisema unamhurumia?"

Faquir hakuona haya hata kidogo. "Nipa ndiyo iliyokuwa inamrudisha nyumbani, mama, si mimi. Miezi yote walimnusa wakamwacha." Akajikuna shingo. "Na kwa nini unapiga kelele? Wa wenzio wakienda ndiyo kwanza tunaanza msiba. Wako tumeshamlilia, na matanga tumekula. Acha wa wenzio wabaki."

Wanaume waliosimama pale wakatazama chini.

Mastura akamgeukia Husseni. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama mdogo."

"Sasa kwa nini uliacha?"

"Wote walicheka," Husseni alisema. "Wewe ulilia." Akapokea kofia yake, akaivaa, akabeba sanduku la risasi. Alitembea wima, bila kuyumba, kama alivyofundishwa.

Siku ya tatu sipai akaleta kofia. Hakuna maiti iliyorudi. Mastura akatandika mkeka uani, akakaa kungoja watu. Wanawake walipita na ndoo zao, wakampa pole wakiwa njiani, mmoja akauliza kwa upole kabisa, kilio gani tena, si tulishamaliza? Jua likapanda mpaka utosini, mkeka mtupu. Mariamo peke yake ndiye aliyekuja. Mtani mzima, mdomo wake kijiji kizima kiliuogopa, alikaa pale mpaka alasiri bila kupata neno la kusema.

Wiki ya pili ikasemwa kuna doria tena. Mariamo alikuwa na mtoto wa mwisho, Adamo, miaka kumi na saba, kijana wa msikitini asiyejua hata harufu ya pombe. Alfajiri ile Mastura akaingia kwao na kibuyu chini ya kanga. Mariamo alikitazama, akaelewa, akamshika mwanawe mabega akamkalisha chini.

Adamo akageuza uso. "Mama Mastura, hii si haramu?"

"Haramu," Mastura alisema.

Maisha yake yote hakuwahi kumlisha mtoto kitu bila kutanguliza bismillahi. Midomo ilimfunguka kwa mazoea, akaifumba. Akakishika kidevu cha Adamo, akakiinua.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa ya kutosha, na inayobaki jimwagie shatini." Huko langoni walikuwa wameshaanza kuita majina.