Turubai la Mwalimu Jovelyn

Shule za serikali kule mjini Leon zilipokuwa zikiwagawia watoto karatasi za masomo nyumbani kwao, shule binafsi aliyofundisha Jovelyn ilijigamba kwamba yenyewe inasomesha mubashara, korona ipende isipende. Haikusema mwalimu anasomeshea wapi. Basi alisomeshea juu ya bati la banda la nguruwe la mama yake, mahali pekee pale mlimani palipokuwa na mtandao, mwavuli mkono huu, simu mkono ule, na watoto wa darasa la kwanza wakimsubiri awafundishe kusoma.

Mvua ikizidi alishuka, na kipindi kikakatika. Siku hiyo kilipokatika tena, mwenye shule, Madam Villaluz, alimpigia.

"Jovelyn, mwanangu, wazazi wananipigia kelele. Kipindi kikikatika tena, natafuta mwalimu mwingine."

"Niruhusu basi nifundishie hapo shuleni, Madam. Madarasa yote matupu, na intaneti ipo, haina wa kuitumia."

"Na serikali imefunga madarasa, mkaguzi akikukuta je? Unataka nifungiwe shule? Hebu nitumie picha nilione hilo tatizo lako."

Jovelyn, kwa moyo mweupe, akampa mama yake simu ampige picha, akaituma. Alidhani ataletewa kifaa cha intaneti.

Wiki hiyohiyo Nanay Sabel, mama yake, alirudi kutoka sokoni meno yote nje.

"Mwanangu, umeshakuwa mtu mkubwa! Umetundikwa kwenye geti la shule!"

"Nimetundikwa?"

"Na nguruwe wetu pia!"

Jovelyn alishuka mjini mbio. Turubai lilienea geti zima: yeye juu ya bati, malapa miguuni, mwavuli umepinda, na nguruwe jike akichungulia kutoka bandani. Juu ya picha, kwa herufi nene: WALIMU WETU HAWAKATI TAMAA. Chini: MWANDIKISHE MWANAO SASA.

Damu ilimchemka. Kumbe walikuwa wameona. Waliona kila kitu, na badala ya kuona aibu wakaona biashara! Kumfungulia darasa moja tupu ilikuwa balaa, lakini kumchapisha na malapa yake mji mzima umcheke ilikuwa rahisi kama kunywa maji.

"Manong Tinong," alimwambia mlinzi, "nipe ngazi na kisu."

"Mwalimu, nitafukuzwa kazi mimi!"

"Basi geukia kule."

Manong Tinong aligeukia kule, akaanza kupiga mluzi. Ngazi aliiacha ilipo, na kisu juu yake.

Jioni ile Jovelyn na mama yake walilitandaza lile turubai juu ya bati kwa nguzo za mianzi, maandishi yakitazama ndani, na upande mmoja wakauteremsha kama ukuta. Asubuhi mvua ilikuja kwa hasira zake zote, lakini Jovelyn alikaa pakavu, simu mbele yake, na kipindi hakikukatika. Kwenye kioo cha simu aliona jina la Madam Villaluz limeingia bila sura. Alikuja kumvizia.

"Mwalimu!" Amihan, aliyekuwa hajawahi kusoma sentensi nzima, alisogeza pua hadi kwenye kamera. "Kuna maneno nyuma yako! Nayaweza!"

"Soma, tukusikie."

"Wa-li-mu... we-tu... ha-wa-ka-ti... ta-maa!"

Wenzake walimpigia makofi. Wazazi waliokaa kando ya watoto nao walisogea kutazama.

"Na huyo kwenye picha si ni wewe, Mwalimu? Mbona uko juu ya nguruwe? Kwani shuleni hakuna nafasi?" Amihan aliuliza.

Kazi ya Jovelyn ilikuwa imening'inia hapo, na alilijua hilo vizuri.

"Nafasi ipo, Amihan. Kwa nini sipewi, mimi sijui. Madam yumo humu darasani, muulize yeye."

"Madam Villaluz?" mtoto aliita kwa adabu, kama alivyofundishwa. "Shikamoo, Madam. Kwa nini Mwalimu hakai shuleni?"

Wazazi walisubiri, watoto walisubiri, mvua ikipiga turubai. Kisha lile jina likatoweka kwenye kioo.

"Mwalimu," Amihan akasema, "Madam amekatika."