Sauti ya Bi Kizee

Darasani walimwita Bi Kizee, si kwa umri bali kwa simu yake ya vitufe. Siku ya mdahalo, mhadhiri alipouliza ni nani anaona teknolojia ya kidijitali inaijenga jamii, mikono iliinuka ukumbi mzima. Wake ulibaki mapajani.

"Haya, tupe sababu," mhadhiri akamwambia.

Akasimama. Akasema watu wanagawa sura zao, sauti zao, hata njia wanazopita, na hakuna anayeuliza vinamfikia nani. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mimi sina cha kuficha!" alidakia kijana mmoja wa viti vya nyuma, bingwa wa kompyuta waliyemwita Mtaalamu. Simu yake ilikuwa inarekodi kila neno.

Jioni hiyohiyo, kwenye kundi la wanafunzi la mtandaoni, ikasikika sauti ya Bi Kizee: "Jamani, naipenda teknolojia, nilikuwa nawatania tu!" Ilikuwa sauti yake kabisa, mpaka kile kigugumizi chake kidogo. Shoga yake alipomsikilizisha, alijichekesha asije akaonekana ana kinyongo, kisha akauliza:

"Nani mwingine anayo?"

"Mwenzangu, Mtaalamu kaiunda kwa kompyuta kutoka kwenye ile rekodi, unaisemesha chochote, na imeshasambaa. Hata Mtaalamu mwenyewe hajui imefika wapi."

Wiki iliyofuata mama yake, fundi cherehani, akampigia.

"Mwanangu, kumbe simu imeshapata chaji? Mdogo wako umeshampata?"

"Nimpate wapi, mama?"

"Si umenipigia muda mfupi uliopita kwa namba ngeni? Umesema simu yako imeisha chaji, nimtume kituo cha basi akusaidie mizigo."

"Mama, mimi niko maktaba. Sijakupigia."

Cherehani iliyokuwa ikinguruma nyuma ya sauti ya mama ikanyamaza.

Alitoka mbio, vitabu akaviacha mezani. Kituoni akamkuta mdogo wake ameketi peke yake kwenye benchi, amenuna.

"Dada, umechelewa! Kuna kaka alikuja na gari, akasema umemtuma anichukue. Nilipokataa akaniwekea simu sikioni, nikakusikia unaniambia nipande."

"Kwa nini hukupanda?"

"Uliniita jina langu la shule. Wewe siku zote unaniita Kijiko."

Bi Kizee alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anaumia.

Mtaalamu alipopigiwa, alianza kujitetea. "Ulikuwa utani tu, dada. Naapa. Nimeshaifuta."

Walifika nyumbani, mama akafunga mlango kwa komeo. Hawajakaa sawasawa, simu ya mama ikaita. Akapokea, akasikiliza, kisha akaisogeza polepole ili binti yake naye asikie.

"Mama," sauti ya Bi Kizee ikasema, kwa upole, "mbona mmejifungia? Nifungulieni."

Majirani walipoitwa, hawakuona mtu nje. Lakini tangu siku hiyo, binti akimpigia mamaye, mama hupokea na kukaa kimya, akisikiliza pumzi, kana kwamba hamjui.