Moyo wa Kawaida

Makoti ya madaktari yalikuwa bado na joto la pasi Mama Shuka alipoitwa chumba cha kipimo. Tangu walipomwambia moyo wake umetanuka, kazi yake pale kufuliani hospitalini ilikuwa kukunja nguo tu, amekaa. Kupandisha mabeseni ya nguo mbichi kwenye kamba za juu ya paa waliachiwa wenye pumzi.

"Nenda, shoga," mpiga pasi alimtania. "Kawaoneshe moyo. Mumeo mwenyewe hajawahi kuuona."

"Angeuona angeshauuza."

Fundi wa mashine, kijana mpole, alimpaka ile dawa ya baridi kifuani, akaupima moyo kwenye kioo cha mashine. Kisha akamwambia apande mizani.

"Mizani ya nini tena? Nauzwa kwa kilo?"

"Viwango vimebadilika, shangazi. Siku hizi moyo haupimwi peke yake, unalinganishwa na mwili. Mwenye mwili mkubwa, moyo mkubwa ni haki yake."

Hilo Mama Shuka aliliona la maana. Ila mshale ulipanda, ukapanda, naye chakula hakimpiti kooni siku hizi. Akaitazama miguu yake. Asubuhi viatu vilikataa kuingia, akaja na kandambili. Akainama kwa taabu, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

Kijana naye aliliona. "Hayo ni maji, shangazi. Moyo ukichoka yanajaa."

"Na kwenye hesabu yenu?"

"Kwenye hesabu ni mwili." Alisoma kioo kwa sauti ya chini. "Moyo: kawaida."

"Kwa hiyo ugonjwa umeninenepesha, unene ukaniponya?"

Kijana alijikuna shingo. "Nimeandika kwamba umevimba. Lakini wa kuamua ni daktari, na madaktari wote wako ghorofani, kwenye semina."

"Semina ya nini?"

"Ya hivi viwango vipya."

Aliporudi kufuliani, jibu lilikuwa limeshamtangulia kwenye kompyuta ya msimamizi.

"Hongera, mama! Kawaida!" Akamsukumia beseni la shuka mbichi kwa ncha ya kiatu. "Wawili wameacha kazi, sijaletewa wengine."

"Daktari hajasoma bado."

"Mimi nimesoma."

"Bosi, miguu yake si unaiona?" mpiga pasi alijitosa.

"Unataka kumsaidia? Beseni lingine lile pale, na pasi zako zitakungoja." Akamgeukia Mama Shuka. "Au nimwite mwingine kutoka getini? Wanaolitaka hili beseni wamejaa pale nje."

Mpiga pasi akarudi kwenye pasi yake. Mama Shuka akalibeba.

Lifti ilikufa zamani. Ghorofa ya kwanza alipanda akihema, ya pili akipanda ngazi moja na kupumzika. Kabla ya ya tatu macho yakamwingia giza. Akakaa, beseni ubavuni, maji ya shuka yakichuruzika ngazi kwa ngazi.

Juu mlango ukafunguliwa. Madaktari wakateremka na mikoba mipya ya semina, wanaulizana chakula kiko wapi.

"Mama, tupishe kidogo."

"Siwezi," alisema. Akainyoosha miguu yake miwili iliyovimba, ikaziba ngazi nzima. "Nina moyo wa kawaida. Rukeni."

Wa kwanza akakusanya koti lake, akaruka. "Samahani, mama." Wa pili akaruka. Wa tatu alikuwa anacheka jambo kwenye simu, akaruka bila kutazama chini.

Mama Shuka, aliyewakunjia makoti hayo yote, miguu yake hakuikunja.